Tulikwenda Goma Kutazama Ziwa

Mwezi wa saba mwaka 2018, masomo yalipokwisha, tuliwachukua watoto wetu watatu kwenda Goma wapumzike. Sisi ni watu wa Masisi, na mama wa watoto ni wa Walikale. Watoto walijua milima na ng'ombe wa kwetu, na msitu wa bibi yao kule Walikale. Ziwa hawakupata kuliona hata siku moja.

Tulipanda kamioni, tukaketi juu ya magunia ya viazi, jibini ya zawadi magotini. Kutoka Masisi mpaka Goma ni kama kilomita 80, lakini barabara yetu haihesabiwi kwa kilomita, huhesabiwa kwa mashimo. Tulilala njiani. Kesho yake, tulipoteremka kutoka Mushaki, maji ya Kivu yakatokea chini, na mtoto mdogo akauliza: "Baba, mbingu imeanguka?"

Tulifikia kwa shemeji yetu huko Mugunga. Alfajiri tukatoka kwenda kutazama wavuvi wa sambaza. Njia ilipita juu ya mawe meusi ya volkano. Mtoto wetu wa pili akaona mwana-mbuzi amelala katika shimo pana lenye majani mabichi, akateremka mbio amwamshe. Mama mzee aliyekuwa akienda kuteka maji akapaza sauti: "Mazuku! Mtoeni upesi, wala msiiname!"

Mmoja wetu akaziba pumzi, akaruka shimoni, akamtwaa mtoto mabegani. Magoti yake yalikuwa yamelegea, hasemi neno. Tukamlaza mahali pa juu penye upepo, tukimwita jina lake. Baada ya kitambo akavuta pumzi kwa nguvu, akalia. Hatujasikia bado kilio kitamu kama kile. Mwana-mbuzi alikuwa amekwisha kufa.

Mama mzee akawasha majani makavu kwenye ncha ya kijiti kirefu, akayashusha shimoni. Moto ukazimika kana kwamba umetiwa maji. "Wanangu," akasema, "hiyo ndiyo mazuku."

Hewa hii ya kaboni hutoka ardhini katika nchi ya volkano. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo hutuama mabondeni na mashimoni. Haionekani. Usiku na alfajiri, pasipo upepo, huzidi. Mtu mzima aweza kusimama salama, na mtoto ubavuni pake akafa, kwa kuwa kimo chake ni kifupi.

Mjini tuliona chukudu zikibeba makabichi, na mawe ya Nyiragongo yaliyomwagika tarehe 17 Januari 2002, yakaliharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Lakini watoto, waliporudi nyumbani, walisimulia habari ya shimo tu.

Shemeji yetu aliona haya. "Nilidhani mnajua," alisema. Hapo ndipo kosa lilipo: mwenyeji hudhani mgeni anajua, na mgeni hajui hata la kuuliza. Mwaka 2023 na 2024 watu wengi wa Masisi, wakikimbia vita, walijenga vibanda Mugunga na Bulengo, juu ya mawe yale yale. Tuliwafikiria watoto wao kila usiku.

Basi, ndugu, wewe unayejua hatari ya mahali pako, usingoje kuulizwa. Mwambie mgeni jioni ile ile anapofika, kabla hujampa hata maji ya kunawa.