Makumbusho ya mifereji: familia nzima ndani ya futi 10

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nataka kuwaeleza habari za makumbusho madogo niliyoyatembelea London, karibu na stesheni ya King's Cross. Yanaitwa London Canal Museum, yalifunguliwa mwaka 1992, na yanahusu mifereji ya mashua.

Jumba lenyewe lilikuwa ghala la barafu, lililojengwa miaka ya 1860 kwa ajili ya Carlo Gatti, muuza aiskrimu aliyetoka Uswisi. Barafu ililetwa kwa meli kutoka Norway hadi Limehouse, kisha ikapakiwa kwenye mashua na kupitia mfereji wa Regent's Canal, uliokamilika 1820. Visima vya kuihifadhia bado viko chini ya sakafu. Friji bila umeme, jamani!

Mimi mtu wa kompyuta nilivutiwa kwanza na hesabu. Farasi mmoja akitembea ukingoni aliweza kuvuta mashua yenye mzigo wa tani 25 hivi. Barabarani angevuta tani moja au mbili tu.

Lakini kilichonigusa ni chumba cha kuishi mashuani. Urefu futi 10 hivi, upana haufiki 7. Jiko, kabati, kitanda cha kukunja, basi. Reli ilipoingia katika karne ya 19, malipo ya kubeba mizigo majini yalishuka. Wanamashua wengi wakashindwa kulipa kodi ya nyumba na mshahara wa msaidizi, wakahamishia familia mashuani. Mke akawa msaidizi asiyelipwa. Watoto wakaongoza farasi badala ya kwenda shule. Mwaka 1877 bunge lilipitisha sheria ya kusajili mashua hizo na kuweka kikomo cha watu wa kulala ndani.

Sisi waandishi wa programu hupenda kusema teknolojia ya zamani "imekufa". Mifereji haikufa upesi. Ilishindana na reli kwa miaka mingi, na pengo la bei likazibwa na jasho la mama na watoto.

Mfereji wenyewe ulipata kazi nyingine: tangu 1979 nyaya za umeme za kilovolti 400 zimepita chini ya njia ya farasi, zikipozwa kwa maji yake. Watu wake hawakupewa kazi mpya kirahisi hivyo.

Basi kabla hujazindua programu inayoshusha bei ya kazi ya mtu, uliza: pengo litazibwa na nani nyumbani kwake? Nyinyi mwaonaje?