Lango la Simba Wakati wa Masika

Tulitoka Mombasa alfajiri, mwezi wa Mei, kuelekea Lamu. Malindi na Garsen tulipita salama. Baada ya Gamba, hapo Lango la Simba, maji ya Mto Tana yalikuwa yameifunika lami. Dereva akataka kupita. Lakini maji yaendayo huficha mashimo na kingo za barabara, na hata yakiwa ya magotini huweza kulisukuma gari. Bi mkubwa mmoja, aliyempakata mjukuu, akasema, "Mwanangu, sisi tuteremshe hapa." Tukashuka sote, mabuibui yakirowa. Nauli haikurudishwa. Basi likageuka kurudi Garsen. Sisi tukasali Adhuhuri na Alasiri, tukizikusanya na kuzipunguza kama alivyoruhusiwa msafiri, tukangoja mashua. Witu tulifika usiku.