Ploti

Mwaka wa 1998 tuliishi Kawangware, pale mtaani Kongo, katika ploti ya mabati yenye vyumba 12, choo kimoja na lango moja. Neno ploti nililijua kabla ya kujua kusoma. Haikunipitia akilini kwamba ni Kiingereza.

Nilipoingia kidato cha kwanza, mwalimu wa Kiingereza alitusomea hadithi fupi, kisha akaniinua: ploti yake ni ipi? Nikajibu bila wasiwasi kwamba mwandishi hakuitaja, ila kwa kuwa mhusika aliamkia foleni ya maji, huenda ikafanana na yetu. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alinipa kamusi.

Nilikuta maana tatu: kipande cha ardhi kilichopimwa, njama, na jinsi matukio ya hadithi yanavyofuatana, kile ambacho mwalimu wa Kiswahili alikiita msuko.

Jumapili nikashika Ngong Road kwa miguu hadi Kibera, Laini Saba, kumringia shangazi. "Ploti ni kipande cha ardhi," nikamwambia.

"Hiyo ni ya kwenu Kongo, mtoto wa kaka," akasema. "Huko mwenye ploti ana shamba la babake. Huku ardhi ni ya serikali. Landilodi wangu ana udongo wa ukutani na mabati, basi."

Hata Wanubi, ambao babu zao walikuwa askari wa Mwingereza na ndio waliopaita mahali hapa kibra, yaani msitu, walingoja hadi 2017 kupata hati ya ekari 288. Kwa hiyo maana ya kwanza haikumfaa shangazi. Ya pili ilimkaa sawasawa: "Nikiona landilodi na keateka, msimamizi wake, wananong'ona, najua kodi inapanda."

Nilirudi Kongo jioni. Wa chumba cha tatu alikuwa amemwaga maji ya kufulia, yakaingia kwa wa tano. Wa tano akamwita keateka. Keateka, kwa hasira, akauliza ni nani hapa mwenye haki ya kupiga kelele, na kabla ugali wetu haujaiva, deni la miezi miwili la wa chumba cha tisa, ambaye hata hakuwepo, lilikuwa limetangazwa hadharani.

Nikasimama mlangoni na kamusi mkononi. Nilikuwa nimeuelewa msuko.