Bustani ya Kimya Mjini Woking

Wazazi kadhaa wametuuliza juu ya mazoezi ya kukaa kimya na kusikiliza pumzi, wanayofundishwa watoto wadogo katika baadhi ya shule za Uingereza. Wanahofu: je, hiyo si ibada ya watu wengine? Badala ya kubishana barazani tuliwachukua watoto wetu, wa miaka minne hadi saba, tukaenda nao Woking.

Ni mwendo wa kama nusu saa kwa treni kutoka London. Wengi wenu mnaujua Msikiti wa Shah Jahan uliojengwa huko mwaka 1889, wa mwanzo nchini humo kujengwa makusudi kuwa msikiti. Tulisali hapo, kisha tukaelekea Horsell Common, ambako wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza yalitengwa makaburi ya askari Waislamu wa jeshi la India. Katika miaka ya 1960 miili yao ilihamishiwa Brookwood, na mahali pakaachwa pakachakaa. Mwaka 2015 pakafunguliwa upya kuwa bustani ya amani. Ukuta wa matofali na lango lake lenye kuba vingalipo. Ndani mna birika jembamba la maji, jiwe lililochongwa majina, na miti 27 yenye magome meupe, mmoja kwa kila askari.

Hatukuwaamrisha watoto watulie. Neno hilo wamelisikia mno, na aghalabu kwa ukali. Tulimwambia kila mmoja achague mti wake, akae mbele yake, asikilize mpaka apate sauti tatu. Mdogo kuliko wote hakutimiza dakika moja. Kwa umri wake yatosha. Kisha tukawaonyesha kuvuta pumzi taratibu, na kila wanapoitoa waseme Subhanallah, pingili moja ya kidole kwa kila pumzi.

Ndipo maswali yakaja. Askari hawa wako wapi sasa? Mama zao walijua walipozikwa?

Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo tafakuri, na Qurani imetuhimiza tuitafakari mbingu na ardhi kabla shule hizi hazijakuwapo. Pumzi haina dini. Linalotazamwa ni maneno na nia vinavyofuatana nayo. Kwa hiyo mzazi ana haki ya kumwuliza mwalimu ni maneno gani husemwa darasani, naye aulize kwa upole.

Mwenye kwenda achukue mkeka, maana nyasi za huko huwa na maji hata adhuhuri.