Maji Yatafika Wapi?

Napima maji katika Bonde la Rufiji, na sehemu ya kazi yangu ni kuwaeleza watu nilichopima. Zamani nilifika Mtera na projekta, nikasoma slaidi: bwawa likijaa, maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Yakishuka hadi 690, mitambo ya umeme husimama. Wavuvi na wafugaji walisikiliza kwa adabu, wakapiga makofi, wakaenda zao.

Aliyenibadilisha ni mzee mmoja mvuvi. "Mwanangu," aliniuliza, "bahari iko mbali na sisi. Mwaka huu maji yatafika wapi?" Kisha akataja mwenyewe miti iliyozama mwaka wa mvua nyingi, na mahali ng'ombe walipolishwa mwaka wa ukame. Bwawa la Mtera ni pana ila si la kina kirefu. Maji yakishuka kidogo tu, ukingo unarudi nyuma sana, na palipoegeshwa mitumbwi panaota majani. Yule mzee alikuwa anazisoma mita zangu kwa macho, miaka yote.

Sasa nafika mapema. Nawasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi", natembea nao ukingoni, naangalia mitumbwi imefungwa wapi. Mkutanoni wao ndio wanaotangulia kusema maji yalikuwa wapi mwaka jana. Mimi nafuata na kipimo, na hapo kinaeleweka, kwa sababu kimekuta jambo wanalolijua. Slaidi nimebakiza chache mno.

Mama mmoja mkaanga samaki aliwahi kusimama na uchungu wake: kwa nini maji yanafunguliwa na samaki wanapungua? Sikukimbilia kuitetea mitambo. Nilimsikiliza hadi akamaliza, ndipo nikamwonyesha kwa kijiti mchangani jinsi maji yanavyopita Mtera, kwenye mitambo ya megawati 80, yakateremka na Mto Ruaha Mkuu hadi Kidatu, yakazungusha mitambo ya megawati 204. Akainama, akaufuata mchoro kuelekea juu ya mto, Usangu. "Na hawa wanaomwagilia mpunga, nao mnawaambia?" Swali hilo lilituchukua mchana wote, na lilistahili.

Siku hizi ajenda haitoki kwangu peke yangu. Wafugaji wameomba tukutane tena kabla mvua za Desemba hazijaanza, tukubaliane mapema mifugo ipite wapi kwenda kunywa bila kukanyaga nyavu za wavuvi.