Mjomba, jembe na samaki nchanga

Msomaji, kama umepata mchumba wa Kimakonde na bado hujakutana na mjomba wake, kaa mkao wa kula. Mimi nilidhani posa ni kumalizana na baba. Kwetu Kilimanjaro wazee wanakaa, mbege inazunguka, mnaongea, mnacheka, mambo yanakwenda. Baba wa mchumba wangu alinipokea vizuri tu pale Newala, akaninywesha chai, halafu akaniambia: “Mwanangu, mimi sina neno. Neno liko kwa mjomba wake.”

Kwa asili Wamakonde huhesabu ukoo upande wa mama, hivyo kaka wa mama ana sauti kubwa kwa watoto wa dada yake kuliko tulivyozoea wengine. Na mjomba mwenyewe, baada ya salamu, hakuuliza kazi yangu wala mshahara. Aliniangalia viatu, akaniangalia mikono, kisha akauliza: “Ushawahi kuwinda?”

Nikasema hapana. Akasema, “Basi kesho alfajiri.”

Safari ya Kusini

Tuanze mwanzo. Basi liliondoka Dar alfajiri. Tukavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, ambalo tangu lifunguliwe mwaka 2003 limewaondolea watu wa Kusini adha ya kusubiri kivuko. Pale Mingoyo, baada ya Lindi, tukaiacha njia ya Mtwara tukakata kuelekea Ndanda, ambako Wabenediktini walianzisha misheni mwaka 1906. Jua linazama, tukaingia Masasi.

Masasi ni mji uliozungukwa na vilima vya mawe matupu, makubwa, kama vile mtu aliyaangusha akaondoka. Usiudharau kwa udogo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta hapa watu waliokombolewa utumwani, wakitokea Zanzibar, na misheni ya Kianglikana ikaanzia hapo. Ukiuliza njia ya Lupaso utaonyeshwa pia kijiji cha Rais Benjamin Mkapa, alikozaliwa mwaka 1938 na alikozikwa mwaka 2020.

Tulilala gesti, vyumba viwili tofauti, maana tulikuwa tunakwenda ukweni. Asubuhi tukapanda gari ya Newala. Barabara tuliyopita ilikuwa ya vumbi, na lile vumbi si mchezo: shati langu jeupe liligeuka la kaki kabla hatujafika kwenye mlima. Lakini ukishapanda, hewa inabadilika. Unakuwa juu ya nyanda za Makonde, kuna baridi ya asubuhi, na pande zote ni mikorosho. Kitu kimoja tu hukioni: mto. Ardhi ni mchanga, maji yanazama chini kabisa, na zamani watu walishuka mpaka mabondeni kuyafuata.

Naomba nikiri kosa

Kabla ya kuendelea, nitoboe. Miezi michache kabla ya safari hiyo tulikuwa kwenye sherehe ya rafiki yangu, Sinza. Chakula kilipofika, jamaa mmoja akamwambia mchumba wangu: “Shemeji, leo panya hakuna, vumilia kuku.” Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, tena kwa sauti kuliko wote.

Yeye alitabasamu. Njiani kurudi hakusema neno hata moja. Kesho yake tukaendelea kama kawaida, nikadhani yameisha.

Watu wa mjini Wamakonde tunawajua kwa mambo mawili: vinyago vya mpingo pale Mwenge, na utani wa panya. Cha kwanza tunakinunua tukapamba sebule. Cha pili tunakitumia kuchekea watu. Sikuwahi kujiuliza hiyo ya pili inaingiaje masikioni mwa mwenzangu.

Siku ya kwanza: sifuri

Niliposikia kuwinda, akili yangu ilikwenda kwenye bunduki. Nilikuwa nimeona kwenye televisheni Wamarekani wanavyowinda bata mzinga wakati wa machipuko: nguo za madoadoa, wamejibanza kwenye mti gizani, wanaigiza mlio wa jike ili dume lisogee. Nikajiona na mimi nimejibanza hivyo, nangoja kanga.

“Mjomba, kanga wapo?” nikauliza.

“Wapo wengi. Lakini kanga ana leseni yake na msimu wake. Ukimpiga bila kibali, harusi yako utaifanyia gerezani. Sisi tunakwenda kwa samaki nchanga.”

Samaki nchanga, yaani samaki wa mchangani. Ndiyo jina la heshima la panya wa shambani huku. Silaha zenyewe: majembe mawili, panga, fimbo na kiroba. Timu: mjomba, wajukuu wake wawili wa shule ya msingi, na mimi na raba zangu za kwendea gym.

Jamani, kazi hii ina elimu. Shimo la panya lina mlango mkubwa wenye udongo mbichi nje, na mahali fulani lina mlango wa dharura ambao hauna udongo kabisa, au umezibwa kwa tabaka jembamba. Mwindaji anatafuta kwanza mlango wa dharura, anauziba au anauwekea mlinzi, ndipo anaanza kuchimba. Anachomeka kijiti laini kujua tundu linapinda wapi. Usipofanya hivyo utachimba asubuhi nzima na mwenye nyumba ameshahama.

Mimi nilichagua shimo langu, zuri, la duara. Nikachimba nusu saa, jasho linatiririka, malengelenge yakaota. Wale watoto wakakaa pembeni wananitazama kwa adabu. Mwisho mdogo akashindwa kuvumilia: “Anko, mlangoni kulikuwa na utando wa buibui.” Utando maana yake hakuna anayepita. Nilikuwa nachimba gofu.

Shimo la pili, nikaona kama kitu kinacheza ndani, nikapeleka mkono. Mjomba akanichapa kofi la mkono kabla sijafika. Hakukasirika, ila sauti yake ilishuka: “Humu panya si mpangaji peke yake. Nyoka naye hahitaji mkataba.” Toka hapo mkono ulikaa mfukoni.

Nikaona nitoe ushauri wa kitaalamu. Kwa nini tusiwashe moto, tuwafukize? Mjomba akanionyesha kwa fimbo mikorosho iliyokuwa imeanza kutoa maua. “Ile ni ada ya shule. Ile ni bati. Ile ni matibabu ya bibi yako mkwe. Unataka kuwasha moto?” Huku korosho ndiyo benki. Ikishavunwa, kuanzia kama Oktoba, inakwenda ghalani na kuuzwa kwa mnada kupitia vyama vya ushirika. Anayechezea moto mwezi wa nane anachezea mwaka mzima wa familia.

Nafasi ya mwisho, wakanipa kazi nyepesi: kulinda mlango wa dharura. Simama, nyamaza, shika fimbo. Simu ikaita. Nikaitazama. Panya akatoka katikati ya miguu yangu, nikaruka, nikaanguka kwenye matuta ya mihogo. Wale watoto walicheka mpaka wakalala chini. Hesabu ya siku: mjomba na wajukuu saba, mimi sifuri.

Shimo la Mungu

Jioni mchumba wangu akanipeleka mahali wanapopaita Shimo la Mungu. Ndugu zangu, hapa ni lazima ufike. Nyanda zinakatika ghafla, na mbele yako bonde linashuka mpaka huko chini, bonde la Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Tulikaa kwenye ukingo, nikamwonyesha malengelenge, nikamsimulia anguko langu. Alicheka. Kisha akanyamaza.

“Unajua ng'ambo ile mabomu ya ardhini yaliteguliwa kwa msaada wa panya?” akasema.

Nilijua kidogo. Panya buku wanaofundishwa na shirika la APOPO pale SUA, Morogoro, walinusa mabomu Msumbiji mpaka mwaka 2015 nchi hiyo ikatangazwa kuwa haina tena maeneo yanayojulikana kuwa na mabomu. Mmoja wao, Magawa, aliyefanya kazi Kambodia, alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020.

“Panya akinusa bomu, shujaa,” akasema. “Mzungu akila konokono, mstaarabu. Mmakonde akila panya, mshamba. Nilipokuwa bweni, bibi alinitumia mishikaki ya samaki nchanga kwenye kopo la maziwa. Nilikuwa nampenda bibi yangu. Nilikwenda kuimwaga chooni usiku wasinione. Bibi akafa kabla sijarudi likizo.”

Sikuwa na la kusema.

“Siku ile Sinza,” akaendelea, “yule jamaa hakuniuma. Wewe ndiye uliyeniuma.”

Nilimwomba radhi. Si ile ya “basi yaishe, mama”, ila ile ya kutaja kosa kwa jina lake. Hakunijibu. Alisema tu, “Kesho nakuja shambani.”

Siku ya pili

Alikuja na kanga amejifunga kiunoni, pekupeku. Huyu ni mwanamke ninayemjua kwa suti na viatu virefu, anayelalamika kucha ikikatika. Alizunguka shamba kimya, akainama, akanusa udongo, akasema: “Hapa.” Akauonyesha mlango wa dharura kwa kidole, futi kama sita kutoka mlango mkubwa. Mimi nisingeuona hata kwa miwani. Kumbe utotoni alikuwa anafuatana na kaka zake kila likizo, na mjomba ndiye aliyewafundisha.

“Wewe kaa hapo,” akaniambia. “Simu?”

Nikampa. Akaiweka kwenye kiroba.

Nilisimama. Jua likaanza kuchoma, inzi wakanitembea usoni, mguu ukafa ganzi. Nikasikia jembe lake, kisha kimya, kisha udongo ukatikisika mbele ya raba zangu. Sikufikiri. Fimbo ilishuka. Nilipofungua macho (ndiyo, nilikuwa nimeyafumba) watoto walikuwa wanashangilia. Tukapata tisa siku ile. Wawili walikuwa wangu.

Nisijifanye gangwe. Nilipomwona yule panya ametulia pale mchangani, nilijisikia vibaya. Mjomba aliona. Akasema muhogo aliokuwa anautafuna ndiyo ugali wa watoto hawa, kwa hiyo hatumchukii, ila hatumwachii pia.

Mezani

Wanachomwa manyoya motoni, wanatumbuliwa, wanaoshwa, wanachemshwa na chumvi, halafu wanabanikwa taratibu mpaka wanakauka. Tukala na ugali wa muhogo. Tonge la kwanza nilimeza nikiangalia paa. La pili nilionja: nyama kavu, ina moshi, iko karibu na ndege wa porini kuliko nilivyodhani. Nilikula wawili. Kichwa kilinishinda, sitadanganya, na hakuna aliyenilazimisha.

Mjomba alinawa, akasubiri nimalize, ndipo akauliza swali lake: “Kula, hata njaa inaweza kumfanya mtu ale. Nataka kujua hivi: ukirudi huko kwenu, wakicheka mbele yake, utafanya nini?”

Kumbe alikuwa anajua habari za Sinza tangu siku ya kwanza. Nikageuka kumtazama mchumba wangu, naye akatazama sahani yake.

Nikamjibu mjomba kwamba mara ya kwanza nilicheka nao, na kwamba sitacheka tena. Sikuwa na hotuba nyingine. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akamwambia dada yake alete chai. Mchumba wangu aliniambia baadaye kwamba hiyo ndiyo ilikuwa “ndiyo”.

Ukitaka kwenda

Nenda kati ya Juni na Septemba, mvua hakuna na jioni kuna ubaridi, hivyo beba sweta. Usikose Shimo la Mungu wakati wa machweo. Onja ming'oko, viazi vya porini vinavyochemshwa na chumvi. Usiguse kanga, kwale wala mnyamapori mwingine bila leseni. Ukialikwa samaki nchanga, hakikisha hawakutoka shamba lililowekwa sumu, wasishikwe kwa mkono wenye kidonda, na wapikwe mpaka waive kabisa, maana panya wanaweza kubeba maradhi. Na kama hutaki kula, sema “ahsante, nimeshiba”. Usikunje uso. Kuna mtu wa pale anakuangalia, na huenda ndiye unayetaka kumwoa.

Wiki mbili baada ya kurudi tulikuwa tena mezani na washikaji wale wale. Yule jamaa, na bia zake mbili kichwani, akaanza: “Eti shemeji, ni kweli huko kwenu mlimlisha panya?”

Meza ikasubiri. Nikaweka uma chini.

“Hawakunilisha,” nikasema. “Niliwawinda. Wawili wangu, na nilikula wote wawili. Wewe umewahi kuwinda nini?”

Hakuna aliyecheka isipokuwa mmoja, na huyo ndiye niliyetaka acheke. Njiani kurudi aliongea mpaka tunafika nyumbani.