Shangazi Alipotoka Barazani Akitabasamu

Kwa miaka kadhaa nimewafundisha wanafunzi wangu vizuizi vya mawasiliano: kelele, lugha, hadhi, hofu, dhana tulizonazo kabla hatujasikiliza. Wameviorodhesha vizuri kwenye mitihani, nami nimewapa alama. Sikuwahi kuwaeleza habari ya shangazi yangu.

Shangazi alikuwa amemshtaki jirani yake kwenye baraza la ardhi kwa kuingilia shamba lake la ekari mbili. Siku ya hukumu nilimsindikiza. Mwenyekiti alisoma kwa Kiingereza, upesi na kwa sauti ya chini, nami nikawa natikisa kichwa kila aya ilipokwisha, kama ilivyo desturi yetu wasomi. Alipomaliza, karani alimgeukia shangazi na kumwambia kwa Kiswahili: "Mama, shauri limetupwa, pamoja na gharama."

Shangazi alishukuru. Tulipotoka nje alikuwa akitabasamu. Nilidhani ni tabasamu la mtu anayeficha uchungu, nikaona si adabu kumhoji mtu mzima njiani juu ya uchungu wake. Habari ya rufaa nilingoja aianzishe mwenyewe. Kumbe yeye alielewa kwamba madai ya jirani ndiyo yaliyotupwa, na kwamba nauli zote alizotumia kwenda na kurudi barazani atarudishiwa. Alikuja kujua ameshindwa siku alipoletewa hati ya kukaza hukumu, muda wa kukata rufaa ukiwa umepita. Gharama zilikuwa za kulipwa naye.

Hayo yalitokea miaka michache kabla ya 2021, mwaka ambao Bunge letu la Tanzania lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Niliifurahia hatua ile na bado naitetea, kwani hakuna haki katika kumhukumu mtu kwa lugha asiyoijua. Lakini sentensi iliyomwangusha shangazi ilikuwa ya Kiswahili. Karani hakumdanganya. Alitafsiri neno kwa neno, pengine kwa mara ya kumi siku hiyo, na kwake kazi ilikuwa imekwisha. Ninyi watumishi wa umma mnaonisoma mnazijua sentensi za namna hiyo: "Suala lako linashughulikiwa." "Fuata utaratibu." Zimesemwa, zimesikika, na mwananchi amerudi nyumbani na maana aliyoitunga mwenyewe.

Nilimlaumu karani kwa muda mrefu, mpaka siku nilipomuuliza shangazi kwa nini hakuuliza palepale.

"Ningeuliza nini, mwanangu?" alinijibu. "Mimi nilikuwa nakutazama wewe. Ulikuwa unatikisa kichwa."

Sikuwa na la kumjibu. Nilichangia kulipa zile gharama, lakini shamba linalimwa na jirani hadi leo.

Tangu hapo nimeacha kuwauliza wanafunzi "Mmeelewa?", kwa sababu jibu lake nalijua: "Ndiyo, mwalimu," kwa sauti moja, hata kutoka kwa aliyekuwa amesinzia. Badala yake namwomba mmoja anieleze kwa maneno yake kile nilichosema. Wiki iliyopita walisimama watatu, wote wasikivu, wote wameandika. Kila mmoja alieleza somo tofauti, na hakuna aliyeeleza la kwangu.